Nuru Itawanyikapo: Mlima Elgon, Maziwa, na Ukungu wa Njiani

Mtu akisimama Kitale siku isiyo na mawingu, akatazama upande wa magharibi, atauona Mlima Elgon umekaa kama ukuta wa rangi ya samawati. Akisafiri mpaka Bungoma, akautazama mlima ule ule kutoka kusini, ataukuta ni samawati vile vile. Lakini wenyeji wa Endebess na Kapsokwony, ambao hukaa miguuni pa mlima, hawauoni hivyo. Wao huona mahindi ya kijani, misitu, na udongo mwekundu. Mlima ni mmoja. Basi, rangi ile imetoka wapi?

Rangi ile haimo mlimani hata kidogo, bali imo katika hewa iliyo kati ya mlima na macho yetu. Nuru ya jua, ijapokuwa twaiona nyeupe, ni mchanganyiko wa rangi zote zionekanazo katika upinde wa mvua. Nuru husafiri kama mawimbi, na kila rangi ina urefu wake wa wimbi: nyekundu ina mawimbi marefu, samawati na urujuani zina mawimbi mafupi. Nuru inapopita katika hewa hukutana na chembe za hewa, ambazo ni ndogo mno kuliko wimbi lolote la nuru. Chembe hizo huipokea sehemu ya nuru na kuitupa huku na huku, kila upande. Jambo hilo ndilo waitalo wataalamu kutawanyika kwa nuru.

Lakini chembe hizo hazitawanyi rangi zote sawasawa. Mwaka 1871 bwana mmoja Mwingereza, Lord Rayleigh, alionyesha kwa hesabu ya kwamba kadiri wimbi lilivyo fupi ndivyo litawanywavyo zaidi, na tofauti hiyo hukua upesi sana: wimbi likipungua urefu kwa nusu, kutawanyika kwake huzidi mara 16. Kwa hiyo nuru ya samawati hutawanywa zaidi ya mara nne kuliko nyekundu. Tukitazama juu mbali na jua, nuru itufikiayo ni ile iliyotawanywa, nayo ni samawati kwa wingi. Na tukitazama Elgon kutoka Kitale, kati yetu na kilele mna hewa ya kilometa zipatazo hamsini, yenye kutawanya nuru ya jua na kuileta machoni petu, mfano wa pazia jembamba la samawati lililotandazwa mbele ya mlima.

Labda msomaji atauliza, ikiwa urujuani una mawimbi mafupi zaidi, mbona mbingu si ya urujuani? Swali hilo ni la haki. Sababu ni mbili: nuru ya jua ina urujuani kidogo kuliko samawati, na tena macho ya binadamu huuona urujuani kwa udhaifu.

Jioni mambo hugeuka. Jua likiwa karibu na upeo wa nchi, nuru yake hupita katika hewa nyingi, zaidi ya mara 30 ya ile ya adhuhuri. Samawati hutawanywa njiani na kupotea, na nuru inayobaki ni ya manjano na nyekundu. Katika miezi ya kiangazi, mashamba yanapochomwa na vumbi kuzidi, jua la Bungoma huzama likiwa jekundu kama kaa la moto. Watu wa Kitale hulikosa nusu ya tamasha hilo, maana Elgon hulificha jua kabla halijamaliza kushuka.

Mwalimu awezaye kupata bilauri, tochi na maziwa kidogo anaweza kuyaonyesha hayo yote chumbani. Ajaze maji katika bilauri, atie matone machache ya maziwa, akoroge, kisha afunge madirisha na kumulika kwa tochi kutoka ubavuni. Wanafunzi wakitazama kwa upande wataona maji yana rangi ya samawati hafifu. Wakitazama kutoka upande wa pili, tochi ikiwaelekea, wataiona taa ina rangi ya chungwa. Bilauri ile ni mbingu ya mchana na ya jioni pamoja. Lakini asizidishe maziwa, la sivyo ataona weupe mtupu.

Mambo haya si ya mbingu peke yake. Mwaka 1921 mtaalamu wa Kihindi, C. V. Raman, alikuwa melini akitoka Uingereza kurudi kwao, akastaajabia rangi ya bahari ya Mediterania. Wakati huo watu walidhani kwamba bahari ni samawati kwa kuwa ni kioo cha mbingu. Raman alikuwa na kipande cha kioo maalumu cha kuondoa nuru irudishwayo na uso wa maji, na rangi ikabaki palepale. Akafahamu kwamba maji yenyewe hutawanya nuru. (Leo twajua pia kwamba maji huimeza nyekundu.) Aliendelea kuchunguza, na mwaka 1928 aligundua kwamba sehemu ndogo sana ya nuru itawanywayo hubadilika rangi, na badiliko hilo hutangaza ni kitu gani kilichoitawanya. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930.

Hata habari za ndani ya atomu zilipatikana kwa njia hii. Mwaka 1909, mjini Manchester, Geiger na Marsden, chini ya uongozi wa Rutherford, walirusha chembe ndogo zenye umeme kwenye bati jembamba sana la dhahabu. Karibu zote zilipita moja kwa moja, lakini chache zilirudi nyuma. Ni kama mtu arushaye vijiwe usiku katika shamba la migomba: karibu vyote vikipita na kimoja kikarudi kwa nguvu, atajua kwamba humo mna jiwe kubwa, ijapokuwa halioni. Rutherford mwaka 1911 alieleza kwamba atomu ina kiini kidogo na kizito katikati.

Sasa turudi kwenye maziwa, maana hapa pana mali ya watu. Maziwa ni meupe kwa sababu yana matone ya mafuta na chembe za protini, nazo hutawanya nuru yote. Mafuta yakiondolewa, hubaki zile chembe ndogo za protini, na maziwa huelekea rangi ya samawati. Maziwa yaliyotiwa maji nayo huonekana mepesi na kuelekea huko huko. Tena, majani mabichi alayo ng'ombe huyatia mafuta yake umanjano. Kwa hiyo mpokeaji wa maziwa atazamaye debe kwa macho tu na kusema, "Huyu ametia maji," anaweza kumdhulumu mtu mwaminifu mbele ya majirani zake, na kumnyima chakula cha watoto. Kipimo cha kuelea, kiitwacho laktomita, ni bora, kwa kuwa maji hupunguza uzito wa maziwa. Lakini hicho nacho hudanganywa: kuondoa mafuta huongeza uzito, basi mjanja akiondoa mafuta na kutia maji kiasi, kipimo husoma sawa. Yapasa mafuta yapimwe pia. Mkulima aliyekataliwa maziwa yake ana haki ya kuomba vipimo hivyo viwili.

Jambo la mwisho ni kubwa kuliko maziwa. Barabara itokayo Kitale kupitia Kiminini na Kamukuywa mpaka Webuye hushikwa na ukungu alfajiri nyingi. Matone ya ukungu ni makubwa kuliko chembe za hewa, kiasi cha sehemu moja katika mia ya milimita au zaidi, yaani makubwa kuliko mawimbi ya nuru. Hayabagui rangi, bali hutawanya zote sawa, ndiyo maana ukungu ni mweupe. Kwa sababu hiyo taa ya manjano haipenyi ukungu kuliko nyeupe, ijapokuwa madereva wengi husadiki hivyo. Lililo muhimu ni mahali taa inapoelekezwa. Dereva akiziinua taa zake, nuru hutawanywa na matone na nyingine humrudia machoni, naye huona ukuta mweupe. Akiziinamisha zimulike lami karibu, huona mbali zaidi.

Na kwa mtoto aendaye shule kwa miguu kuna hatari ambayo wazazi hawaijui. Mtoto huziona taa za motokaa mapema, kwa kuwa nuru hupita ukungu mara moja tu kumfikia. Lakini ili dereva amwone mtoto, nuru hupita ukungu mara mbili, kwenda na kurudi, nayo hupungua kila hatua. Mtoto hudhani, "Nimeiona motokaa, basi nayo imeniona." Sivyo. Katika ukungu mzito anaweza kuiona kwa muda mrefu kabla dereva hajamwona. Mwambieni apite upande wa kulia wa barabara, akizikabili motokaa zijazo, na azionapo taa atoke kabisa katika lami, asingoje kupigiwa honi.