Rangi za Maji na Nyumba Nyeupe

Thomas Girtin alizaliwa London mwaka 1775. Baba yake, aliyekuwa fundi wa kutengeneza brashi, alikufa Thomas angali mtoto. Alipokua alitiwa kwa mchoraji mmoja, jina lake Edward Dayes, ajifunze kuchora kwa rangi za maji. Jioni alikwenda pamoja na kijana mwenziwe, Turner, nyumbani kwa daktari Thomas Monro, wakinakili picha kwa ujira. Girtin alichora mistari, na Turner akatia rangi.

Siku zile desturi ya wachoraji ilikuwa kupaka kijivu kwanza penye vivuli vyote, kisha kutia rangi hafifu juu yake. Girtin aliiacha desturi hiyo. Jiwe alilipaka kwa rangi ya jiwe, na majani kwa rangi ya majani, tangu mwanzo. Hivyo ndivyo alivyochora milima ya Uingereza na majengo yake ya kale, kama vile magofu ya nyumba ya watawa ya Kirkstall, iliyofungwa mwaka 1539.

Kazi hii yataka akili. Rangi ya maji ni kama kioo: nuru hupenya ndani yake, hufika kwenye karatasi, kisha hurudi machoni. Kwa hiyo mchoraji huanza na rangi nyepesi, hungoja ikauke, ndipo huweka iliyo nzito zaidi. Akitangulia kuweka nzito, hawezi tena kuifanya nyepesi. Na akitaka kitu cheupe, hakipaki. Huizunguka sehemu ile kwa rangi, na karatasi yenyewe huwa weupe wake. Basi kabla hajalowesha brashi yampasa ajue ni kitu gani atakachokiacha.

Mwaka 1800 Girtin alichora mto Thames karibu na Chelsea wakati wa jioni. Mbingu, maji na pwani vimefifia vyote. Mbali kuna nyumba ndogo nyeupe, na kivuli chake cheupe kimo majini. Jicho la mtazamaji huikimbilia nyumba hiyo mara moja. Lakini pale hapakupakwa kitu, ni karatasi tupu iliyoachwa.

Girtin alikufa mwaka 1802, umri wake miaka 27. Picha zake nyingi zilitundikwa ukutani penye mwanga, na rangi yake ya nili ikapauka, hata mbingu zilizokuwa za buluu zikageuka kuwa nyekundu kidogo. Kwa sababu hiyo picha za rangi za maji huwekwa gizani, hutolewa kwa muda tu, kisha hurudishwa. Nuru izipambayo ndiyo iziharibuyo.

MASWALI

1. Girtin aliacha desturi gani ya wachoraji?
2. Kwa nini rangi nyepesi hutangulia?
3. Nyumba ya Chelsea ilipata wapi weupe wake?
4. Eleza maana ya maneno haya: ujira, magofu, kupauka.