SOMO LA SHERIA: MALI YENYE MAFUNGU

Wanafunzi wenzetu, leo tunajifunza neno moja la sheria ya Uingereza linaloitwa amana. Mtu mmoja, mdhamini, anashika mali. Jina lake ndilo linaandikwa kwenye karatasi, lakini faida ni ya watu wengine, wenye mafungu.

Kuna amana ambamo mdhamini anachagua nani apewe na apewe ngapi. Lakini kuna ingine ambamo mafungu yamekwisha kukatwa. Mfano: baba ameandika, «Shamba hili lichungwe kwa ajili ya watoto wangu watatu, kila mmoja fungu moja la tatu.» Hapo mdhamini hawezi kusema: huyu ana adabu, nimwongeze, yule ni mkaidi, nimpunguze. Iko na kazi ya kuchunga na kugawa tu.

Haki za wenye mafungu ni hizi:

1. Kupata fungu kamili.
2. Kuuliza hesabu: nini imeingia, nini imetoka.
3. Kumshitaki mdhamini aliyekula mali, airudishe kutoka mfukoni mwake.
4. Wote wakiwa watu wazima wenye akili timamu na wakipatana, kuchukua mali yao na kumaliza amana.

Haki ya nne ilionekana wazi mwaka 1841, katika kesi ya Saunders na Vautier. Kijana Vautier aliachiwa hisa za kampuni ya East India; wosia ulisema zichungwe mpaka afike miaka 25. Alipofika 21, umri wa mtu mzima wakati ule, alizidai. Tribinali ikampa, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na fungu ndani yake. Tangu 1970 umri huo kule ni 18.

Sheria ya Kongo, ambayo asili yake ni Ubelgiji, haina amana ya namna hiyo. Lakini Sheria ya Jamaa ya 1987 nayo imekata mafungu: watoto wa marehemu wanapata robo tatu ya urithi, sawasawa, binti na kijana.

Wako wenzetu yatima ambao feza yao ya masomo inatoka kwenye mali ya marehemu baba, mkononi mwa baba mdogo. Wamwheshimu na kumshukuru. Lakini kumwuliza hesabu kwa upole si kukosa adabu.

Maulizo:
a) Kwa nini mdhamini wa mafungu yaliyokatwa hana ruhusa ya kuchagua?
b) Kama Vautier angekuwa na ndugu mwenye fungu, miaka 10, tribinali ingejibu nini?