Vitabu vya Kumpa Rafiki: Somo juu ya Mali na Mila

Mtu akimpenda rafikiye humwalika chakula, na akimwona mgonjwa humwelekeza kwa tabibu. Lakini ni wachache mno katika sisi wamwambiao rafiki: "Chukua kitabu hiki ukisome, kisha uje tubishane." Zawadi hii imeadimika mabarazani mwetu, na kuadimika kwake kwatudhuru kuliko tunavyodhani. Kwani mambo mawili yanayotawala maisha ya mtu kila siku, yaani mali anayoitafuta na mila anayoishi nayo, ndiyo mambo tunayoyazungumza sana na kuyasoma kidogo.

Sikilizeni mazungumzo ya jioni. Bei ya unga imepanda: mmoja asema ni ulafi wa wenye maduka, wa pili asema ni kodi, wa tatu asema ni hila za wageni. Kila mmoja ana yakini, wala hapana aliye na hoja. Vijana nao hupokea katika simu zao vipande vya maneno vya dakika moja, leo huyu akiwaahidi utajiri pasipo jasho, kesho yule akiwaambia kwamba kila chao ni kibovu na kila cha wenziwao ni bora. Asiyejua mali huzaliwaje ni windo jepesi la mdanganyifu. Na asiyejua mila yake imetoka wapi hujiona duni bila ya kujua sababu. Hasara yenyewe, basi, si ya anasa. Ni hasara ya riziki na ya heshima.

Katika somo hili twataka kuwausia ndugu zetu kazi nne: vitabu vitatu vya kusoma, na mihadhara sita ya kusikiliza kwa masikio. Hatukuzichagua kwa kuwa zasema kweli tupu, kwani hakuna kitabu cha mwanadamu kisicho na kasoro. Tumezichagua kwa kuwa kila moja yamlazimisha msomaji kufikiri, na kwa kuwa zapingana. Asomaye upande mmoja tu ni kama kadhi aliyemsikiliza mdai akaondoka kabla ya mdaiwa kufungua kinywa.

Kwanza: Muqaddima ya Ibn Khaldun

Abdulrahman Ibn Khaldun alizaliwa Tunis mwaka 1332, akafa Cairo mwaka 1406. Tauni iliyopita ulimwenguni katika zama zake iliwachukua wazazi wake naye angali kijana. Aliwatumikia wafalme, akafungwa gerezani, akahama mji baada ya mji. Kisha akajitenga katika ngome moja iliyo katika nchi ya Algeria ya leo, na huko mwaka 1377 akaiandika Muqaddima, yaani utangulizi wa tarehe yake kubwa. Aliyeishi hivyo hakuandika juu ya kuinuka na kuanguka kwa dola kwa kusikia tu.

Tazama asemayo juu ya kodi. Dola ikiwa changa, asema, kodi huwa ndogo na mapato huwa makubwa. Dola ikizeeka, kodi huwa kubwa na mapato huwa madogo. Sababu yake aieleza hatua kwa hatua. Watawala wa mwanzo ni watu wa maisha machache, matumizi yao si mengi. Warithi wao huzoea anasa, gharama zikazidi, wakaongeza kodi. Raia aonapo kwamba faida ya jasho lake yachukuliwa, hukata tamaa na kupunguza kazi. Kazi ikipungua, mapato hupungua. Nao wakiona mapato yamepungua huongeza kodi tena, hatta ustawi ukaharibika. Rai hii ina nguvu hivi kwamba mwaka 1981 Rais Reagan wa Marekani alimtaja Ibn Khaldun alipokuwa akitetea siasa yake ya kupunguza kodi.

Lakini msomaji asikomee hapo, kwani wenye kumtaja kwa kodi aghlabu huyaacha mengine. Amesema pia kwamba chumo la watu latokana na kazi yao. Na kwamba mtu peke yake hawezi kujipatia hatta ngano ya kumtosha, maana ahitaji mhunzi, na seremala, na mlimaji, lakini wakisaidiana huzalisha chakula cha watu wengi kuliko wao. Tena ameonya kwamba mtawala akiingia katika biashara huwadhuru raia zake, kwa sababu ana mali wasiyokuwa nayo na nguvu wasiyoweza kushindana nayo. Hununua kwa bei aitakayo na kuuza kwa bei aitakayo, na mfanyabiashara mdogo akafunga duka.

Ama juu ya mila, ana mlango mmoja unaostahiki kusomwa kwa sauti barazani. Asema kwamba aliyeshindwa humwiga daima aliyemshinda, katika mavazi yake, na vipando vyake, na desturi zake zote. Kwani nafsi haitaki kukiri kwamba imeshindwa kwa nguvu tu, bali hujidanganya kwamba mshindi ameshinda kwa sababu ya zile desturi zake. Alitoa mfano wa watu wa Andalusia walivyokuwa wakiwaiga majirani zao wa kaskazini, hatta katika kuchora picha kutani.

Na kasoro yake tuitaje wazi. Ibn Khaldun alikanusha kisa cha wale wasemao kwamba weusi wa ngozi ni laana, akasema kuwa ni athari ya jua na hali ya nchi. Hilo ni jema kwake. Lakini papo hapo akawadunisha kwa akili na tabia watu wakaao mbali na nchi zenye hali ya wastani, nasi tumo katika hao. Basi tumsome kama tunavyokula samaki mtamu: nyama twaila, mwiba twautoa.

Ajuaye Kiarabu na amsome katika lugha yake. Asiyekijua atapata tafsiri ya Kiingereza ya Franz Rosenthal ya mwaka 1958 katika majuzuu matatu, au mukhtasari wake wa mwaka 1967 katika juzuu moja, nao watosha kwa kuanzia.

Pili: Rodney na Bauer, mahasimu wawili

Hawa wawili twawaweka pamoja kwa makusudi. Walter Rodney alizaliwa Guyana mwaka 1942, akasomesha tarehe katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1972 kikatoka kitabu chake "How Europe Underdeveloped Africa", London na Dar es Salaam, chenye kueleza jinsi Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma. Aliuawa kwa bomu mjini Georgetown tarehe 13 Juni 1980, umri wake miaka 38.

Rai ya Rodney ni kwamba umaskini wa Afrika haukuwa hali ya asili. Ni kitu kilichotengenezwa, kwanza kwa biashara ya watumwa iliyotoa vijana wenye nguvu, kisha kwa ukoloni uliomfanya mkulima kulima asichokula na kuuza kwa bei aliyopangiwa na mnunuzi. Asema kwamba barabara na reli hazikujengwa ili Waafrika watembeleane; zilijengwa kuelekea baharini. Watu wa Mombasa hawana haja ya kwenda mbali kulipima neno hili: reli iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1896 ikafika ziwani mwaka 1901 ilitoka bandarini ikaingia bara, haikwenda Lamu wala Malindi.

Peter Bauer naye alizaliwa Budapest mwaka 1915, akawa mwalimu wa uchumi Uingereza, akafa mwaka 2002. Alikwenda Afrika ya Magharibi, akawaangalia wachuuzi wadogo, wanawake kwa wanaume, waliokuwa wakinunua kidogo kidogo mashambani na kuuza kidogo kidogo mijini. Wataalamu waliwaona watu hao kuwa ni mzigo. Yeye akasema kwamba hao ndio waifanyao biashara ifike pasipofikiwa na kampuni kubwa. Aliandika juu yao mwaka 1954, na mwaka 1971 akatoa "Dissent on Development", kitabu cha kupinga rai zilizokuwa zikikubaliwa na wengi wakati huo. Alisema kwamba misaada ya serikali za kigeni huwatia nguvu watawala na kuwaacha raia walivyo, na kwamba mkulima maskini hufanya hesabu ya faida na hasara kama mtu mwingine yeyote.

Sasa tazama jambo la ajabu. Mahasimu hawa wawili wakutana mahali pamoja. Wote wawili waliangalia zile bodi za serikali zilizonunua kakao na mazao mengine kwa mkulima wa Afrika ya Magharibi, na wote wawili waliona kwamba mkulima alilipwa pungufu ya bei ya ulimwengu. Khabari ni moja. Tafsiri ndizo mbili. Rodney asema: mali ile ilikwenda kuiinua Uingereza, na huo ndio ukoloni. Bauer asema: mnunuzi akiwa mmoja tu, naye ana nguvu ya sheria, atamdhulumu muuzaji, awe mkoloni au mwananchi.

Nani mwenye haki? Hapa ndipo mahali pa kufikiri, ndugu msomaji. Ikiwa sababu ni mkoloni tu, dhulma ingalikwisha siku ya uhuru. Lakini bodi zilibaki baada ya uhuru, na wakulima wakaendelea kunung'unika. Na ikiwa sababu ni mnunuzi mmoja tu, itabaki tuulize: nani aliyempa nguvu hiyo, na kwa nini mkulima hakuwa na kazi nyingine ya kukimbilia? Rodney alizitumainia mno dola za kijamaa, na ile iliyokuwa kubwa yao, Urusi ya Kisovieti, ilivunjika mwaka 1991. Bauer naye aliyapima madhara ya ukoloni kwa mizani nyepesi mno. Kila mmoja aliona vizuri kwa jicho moja.

Tatu: Mihadhara ya Ali Mazrui

Si kila mtu ana nafasi ya kusoma. Dereva, na mshona nguo, na mama aliye jikoni, mikono yao ina kazi lakini masikio yao yako huru. Kwa hao twausia mihadhara sita iliyotolewa katika redio ya BBC mwaka 1979 na Profesa Ali Mazrui, mwana wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufa mwaka 2014. Mihadhara hii ya kila mwaka, iitwayo Reith Lectures, ilianza mwaka 1948, na wa kwanza kuitoa alikuwa Bertrand Russell. Ile ya Mazrui ilihusu hali ya Afrika, nayo yapatikana bure katika intaneti.

Mpango wake ni mwepesi kushika: kila muhadhara wahusu jambo moja lenye kupingana ndani yake. Afrika ndiyo makao ya kwanza ya mwanadamu, lakini ndiyo ya mwisho kufanywa ikalike vyema. Ina utajiri mwingi ardhini, na watu wake ni mafakiri. I katikati ya ramani, na ni ya pembeni katika nguvu za ulimwengu. Na lililo karibu zaidi na somo letu ni hili: Afrika imechukua ladha na matumizi ya Magharibi, lakini haikuchukua kwa kadiri hiyo ustadi wa kutengeneza.

Liwekeni neno hili kando ya mlango wa Ibn Khaldun juu ya kuiga, na mtaona kwamba watu wawili, baina yao miaka mia sita, wazungumzia maradhi mamoja. Tazameni simu iliyo mfukoni. Kuinunua twajua, kuipamba twajua. Ni wangapi mtaani wajuao kuifungua na kuitengeneza? Anayeiga vazi amenunua kitu kimoja. Anayeiga ustadi amepata chuo cha kuwasomesha wanawe.

Mazrui naye asipokewe kwa kufumba macho. Katika mihadhara hiyo alitoa rai juu ya silaha za nuklea na nchi za Afrika iliyowashangaza wengi, na msikilizaji ana haki ya kuikataa, maadamu akataa kwa hoja.

Namna ya kumpa rafiki

Kuna adabu katika jambo hili. La kwanza, usimpe mwenzio kitabu usichokisoma, kwani hutaweza kumjibu atakaporudi. La pili, usimpe kile tu kinachokubaliana na rai yako. Huko si kumsomesha, ni kumtafutia jeshi. La tatu, kitoe pamoja na swali, maana kitabu kisicho na swali hukaa juu ya kabati. La nne, vitabu ni ghali: watu watano wachange wanunue kimoja, asomaye lugha awasomee wasioisoma. Na katika kila kikao mmoja apewe kazi ya kumtetea mwandishi na mwingine kazi ya kumpinga. Kikao kinachofuata wabadilishane.

Kwa kuanzia, haya ndiyo maswali ya kikao:

1. Dola ikihitaji mapato, itajuaje kwamba kodi imefika mahali pa kuua kazi?
2. Mkulima wa zao mnalolijua hulipwa kiasi gani katika bei ya mwisho, na kilichobaki huchukuliwa na nani, kwa kazi gani?
3. Katika tulivyochukua kwa wageni, ni vipi vilivyotuongezea ustadi, na ni vipi vilivyotuongezea gharama tu?
4. Ni neno gani katika kazi hizi nne ambalo hukulipenda, na hoja yako ya kulikataa ni ipi?

Swali hilo la nne lisiachwe. Anayeweza kueleza vizuri hoja ya asiyekubaliana naye, kisha akaijibu, huyo hauziwi uwongo kwa urahisi, si sokoni wala katika simu. Basi ewe ndugu, mtazame rafiki mmoja wiki hii, umchagulie kimoja katika hivi, na umpelekee kwa mkono wako.