Kura ya Doha haianzi Agosti

Haya wadogo zangu, sogeeni. Mmoja wenu anayefanya kazi za nyumbani Doha ameniuliza uchaguzi wa Kenya wa 2027 atapigaje kura naye yuko huko. Nami nikamuuliza: ulijiandikisha wapi? Kilifi, mwaka 2017.

Basi mdogo wangu, jina lako liko Kilifi na kura yako iko Kilifi. Siku yenyewe ukitokea ubalozini na pasipoti mkononi, utarudi ulivyokwenda. Kwanza uhamishe kituo, na uende mwenyewe, maana alama za vidole hazitumwi kwa WhatsApp. Ila fikiria vizuri: ukishahamia Doha, halafu likizo yako ikaangukia Agosti, huko Kilifi hutapiga.

Dirisha la kujiandikisha nalo halikai wazi. Mara iliyopita walio nje waliandikishwa mwanzoni mwa 2022, kura ikapigwa tarehe 9 Agosti. Walioamka Julai waliambulia kutazama matokeo kwenye simu.

Tume ya uchaguzi, IEBC, ilifungua vituo katika nchi 12. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimo tangu 2013. Qatar na Falme za Kiarabu ziliingia 2022. Saudia, walikojaa dada zetu, haikuwemo, wala Oman. Hilo linanikera. Katiba ya 2010 inasema haki ya walio nje kupiga kura itatimizwa hatua kwa hatua, lakini hatua zenyewe ni za kobe. Na sisi nasi! Mwaka 2022 walioandikishwa nje walikuwa 10,443 tu. Wengi wanaopiga kelele kwenye magrupu hata hawamo kwenye daftari.

Sasa tuje kwenye tatizo lako hasa: ruhusa. Siku ya kura, tarehe 10 Agosti 2027, ni Jumanne. Kwa mwajiri wako hiyo ni Jumanne ya kufua na kupiga pasi. Usimshtukize asubuhi ile. Mwambie mwezi mzima kabla, jitolee kufanya kazi Ijumaa yako ya mapumziko, kisha mkumbushe wiki ile. Neno "siasa" liache. Sema una shughuli ubalozini, na si uongo. Vituo hufungwa saa kumi na moja jioni, lakini ukiwa tayari kwenye foleni utapiga.

Na pasipoti iko wapi? Sheria ya Qatar haimruhusu mwajiri kukushikia, lakini mimi na wewe tunayajua ya makabatini. Idai sasa, bado mapema, tena kwa upole, siku ambayo madam ameamka vizuri.

Jambo la mwisho. Nyumbani watu hupewa karatasi sita. Huko utapewa moja, ya rais. Kwa hiyo yule binamu anayegombea MCA na kukuomba pesa za kampeni kila mwisho wa mwezi, mwambie kura yako haimfikii. Pesa je? Hiyo tutaiongea wiki ijayo.