Motokaa Kuukuu Isiyo na Mabati: Yafaa Kuanzia Wapi?

Mara nyingi tukipita karibu na gereji za mjini twaona motokaa kuukuu zimelala majanini. Moja haina mlango, nyingine haina boneti, na aghalabu husemwa kwamba hizo zimekwisha, zangoja mnunuzi wa vyuma chakavu. Nataka kueleza kwa nini si zote zilizokwisha, na jinsi mtu aliyenunua moja ya namna hiyo anavyoweza kujua kama ametupa fedha zake ama la. Mfano wangu ni Land Rover ya mjomba wangu, niliyoifanyia kazi katika likizo ya Desemba iliyopita na ile ya Juni mwaka huu, chini ya fundi mmoja mzee wa Mombo.

Mjomba analima kabichi na karoti katika milima ya Usambara, upande wa Lushoto. Wakati wa masika magari ya kukodi hayakubali kupanda mpaka shambani kwake, na kabichi ikishakatwa haingoji barabara ikauke. Basi aliuza ng'ombe wawili akanunua gari hili karibu na Pangani, lilikokuwa limesimama miaka mingi chini ya mwembe. Liliposhushwa kutoka juu ya lori halikuwa na boneti, wala madigadi ya mbele ya kushoto, wala mlango wa dereva, wala mlango wa nyuma, wala paa. Bibi alilizunguka mara moja akasema, "Mwanangu, umeuza ng'ombe wazima ukanunua mifupa." Mjomba hakujibu kitu. Mimi sasa naona Bibi alisema kweli tupu, ila mifupa ndiyo hasa iliyopasa kununuliwa.

Hapana budi kwanza nilieleze gari lenyewe. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945, chuma kilikuwa adimu katika Uingereza na viwanda vilikipata kwa mgao wa serikali. Alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi, maana viwanda vya ndege za vita vilikuwa vimezoea kuitumia. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na Jeep ya jeshi katika shamba lake kisiwani Anglesey, Wales, na hiyo ndiyo iliyompa wazo la kutengeneza gari la mkulima. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili, 1948. Chasisi yake ni ya chuma, na mwili wake ni wa alumini iliyochanganywa na magnesi. Mabati yake mengi ni bapa, yenye mikunjo michache tu, kwa sababu kufanyiza mashine kubwa za kukandamiza mabati ya mviringo kungaligharimu fedha nyingi. Tena mabati hayo yameshikwa kwa bolti na ribiti. Waliofanya hivyo walikuwa wakikimbia shida zao za wakati ule. Sidhani walijua kwamba walikuwa wakimrahisishia kazi fundi wa Mombo.

La Mjomba ni la aina iitwayo Series IIA, iliyotengenezwa tangu 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru, mpaka 1971. Ni lile refu, lenye inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, yaani karibu m 2.77. Taa zake kubwa zimo katikati, ubavuni mwa wavu wa rejeta. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taa hizo zilihamishiwa kwenye madigadi. Yampasa anayetafuta madigadi iliyotumika aliangalie jambo hili kabla hajatoa fedha, maana ile ya baadaye ina tundu kubwa la taa mbele yake, na katika gari la zamani tundu hilo litabaki kama jicho lililong'olewa.

Siku ya kwanza fundi hakuligusa jambo lolote la vitu vilivyokosekana. Alinipa nyundo ndogo akaniambia, "Kijana, ingia chini, gonga toka mbele mpaka nyuma, kisha uniambie umesikia nini." Chasisi ya gari hili imeundwa kwa sahani za chuma zilizochomelewa zikawa bomba la pembe nne. Maji ya chumvi yakiingia ndani hukaa humo, na kutu huanzia huko wakati nje bado rangi yapendeza. Chuma kizima kikigongwa hulia. Kilichooza hutoa mlio mfu, na pengine nyundo hutumbukia. Mbele kote kulilia vizuri. Boriti ya nyuma, ile inayopita kutoka ubavu hadi ubavu, ilikuwa imekwisha, pamoja na mkono mmoja unaobeba mwili wa gari.

Baadaye tukapima. Gari liliwekwa juu ya magogo manne yenye kimo kimoja kwenye sakafu ya saruji. Tukachagua matundu manne katika chasisi, mawili ya mbele na mawili ya nyuma, ambayo kiwandani yalitobolewa kushoto na kulia kwa kulingana. Kutoka kila tundu tukateremsha uzi wa timazi, na mahali ncha ilipogusa tukatia alama ya chaki. Hivyo tukapata umbo lote sakafuni, ambalo laweza kupimwa bila mtu kulala chini ya vyuma. Mbele ni kwembamba kuliko nyuma, kwa hiyo umbo ni trapeza, na ikiwa pande zake mbili zalingana, basi mishazari yake, yaani mistari ya kutoka pembe hadi pembe, hapana budi ilingane pia. Isipolingana, chasisi imesukumwa upande kama sanduku lililokaliwa. Wetu ulitofautiana kwa mm 3, na fundi akacheka kwa furaha. Wale wanaouliza darasani kwamba trapeza zitatufaa nini nawakaribisha Mombo. Tulipima tena baada ya boriti mpya kuchomelewa, kwa sababu chuma kikichomelewa hujivuta kikipoa.

Jambo hili lina uzito kuliko yote nitakayoyasema. Kama mishazari ingalitofautiana kwa sentimeta kadhaa, hakuna mlango ambao ungalifunga sawasawa, na bati jipya lote lingalikuwa nguo ya Idi juu ya mgonjwa. Ndiyo sababu mnunuzi asihesabu kwanza vitu visivyokuwapo. Ahesabu kilichobaki, akigonge na kukipima.

Baada ya hapo ndipo likaja shauri la mabati. Fundi mwingine, kijana, alikuwa amemshauri Mjomba apasue mapipa ya mafuta na kufanyiza kila kitu kwa chuma. Simlaumu. Chuma ni rahisi kupatikana, na mtu ye yote mwenye mashine huweza kukichomelea. Fundi mzee alikataa, akataka alumini. Mjomba akanigeukia mimi, mtu wa sayansi, na ng'ombe wake wawili walikuwa katika jibu langu.

Nilianza na hesabu ya uzito. Bati la mita moja ya mraba lenye unene wa mm 1.2 lina sentimeta za ujazo 1,200. Alumini, yenye gramu 2.7 kwa kila sentimeta ya ujazo, itakuwa kg 3.24, chuma, chenye gramu 7.85, kitakuwa kg 9.42. Tulihitaji kama mita nne za mraba, kwa hiyo tofauti ni kama kg 25. Watu husifu sana wepesi wa alumini, lakini kg 25 ni kabichi chache tu, na kwa hilo peke yake nisingemwambia mtu atoe fedha zaidi.

Neno kubwa ni kuoza. Chuma chembamba kikikwaruzwa na kulowa matope huliwa pote. Alumini hujifunika yenyewe ngozi nyembamba ya oksaidi, nayo haiendelei kuliwa, isipokuwa mahali inapogusana na chuma pakiwa na maji ya chumvi. Hapo metali hizo mbili hufanya kazi kama betri. Katika jedwali letu la Kemia alumini i volti 1.66 chini ya sifuri na chuma volti 0.44 chini, basi alumini ndiyo inayotoa elektroni na kuyeyuka. Ushahidi tuliuona katika ule mlango wa kushoto uliobaki. Kiunzi chake ni cha chuma, na bati la alumini limekunjwa kukizunguka. Kwenye mkunjo wa chini palijaa unga mweupe, na bati lilimeguka kama biskuti. Niliporudi shuleni mwalimu aliniruhusu kutia kipande cha alumini na msumari katika maji ya chumvi nikaviunga na voltimita. Sindano ilisogea, lakini haikufika hata nusu volti. Jedwali linatoa tofauti ya volti 1.22, iliyopunguza nguvu ni ile ngozi ya oksaidi.

Basi nilimjibu Mjomba hivi: chuma kitatushambuliwa pote, alumini kwenye maungio tu, na maungio twaweza kuyahesabu kwa vidole na kuyalinda. Tulipaka rangi pande zote mbili za kila ungio, tukaweka ukanda wa mpira uliokatwa kutoka tyubu kuukuu, na bolti zikawa zile zilizopakwa zinki. Za shaba hatukutumia hata moja, kwa kuwa shaba ingaliila alumini vibaya kuliko chuma.

Boneti tuliipata Tanga, imetumika lakini nzima. Madigadi ya kushoto ilitubidi tuifanyize wenyewe. Tuliifungua ile ya kulia, tukalaza juu yake karatasi za mifuko ya saruji, tukachora kila upande, tukakata, kisha tukazigeuza karatasi kifudifudi. Cha kulia kikigeuzwa huwa cha kushoto. Matundu ya bolti hatukuyafuata kwenye karatasi. Tuliyatia alama madigadi ikiwa mahali pake, maana gari lililoishi maisha kama ya hili halina tena ubavu ulio sawa kabisa na mwenzake.

Kukunja kuna siri yake. Alumini ikigongwa sana hukakamaa, na ikikunjwa hali hiyo hupasuka. Yafaa ilainishwe kwa moto, lakini haiwi nyekundu kama chuma. Alumini safi huyeyuka kwenye 660°C, na iliyochanganywa huanza mapema kidogo, ingali na rangi yake ile ile. Anayengoja iwake ataona tundu. Fundi alichukua kipande cha sabuni ya kufulia, akapaka mahali pa kukunjia, akapitisha moto polepole kwa nyuma mpaka sabuni ikawa nyeusi, akaondoa moto mara moja. Hapo bati limelainika. Tukalikunja juu ya bomba la maji lililobanwa kwenye jiliwa, tukitumia nyundo ya mti, maana pembe kali hukata na nyundo ya chuma hutia vidonda.

Katika kufunga, hakuna bolti iliyokazwa siku ile ya kwanza. Mlango wa dereva, ambao kiunzi chake kilitoka katika mlango mbovu wa chuma chakavu na bati lake likawa jipya, ulining'inizwa mwanzo. Mlango ulipofunga vizuri ndipo madigadi ikasogezwa kuufuata, na boneti ikaja nyuma ya zote. Tulizunguka na supana mara tatu tukikaza kidogo kidogo.

Mwezi wa Juni gari liliteremsha kabichi mpaka Mombo mara mbili, na Bibi alikaa mbele safari ya pili. Paa bado halijafungwa. Mjomba anataka turubai kwa sababu ni nafuu. Fundi anataka bati. Mimi nimepewa kazi ya kutafuta kioo cha taa ya kushoto, na mlango wa nyuma kwa sasa ni mbao mbili za mkaratusi na mnyororo.