Gia za Motokaa

1. Baiskeli yatufundisha

Watoto, geuzeni baiskeli juu chini, mtie alama ya chaki kwenye tairi la nyuma. Zungusheni pedali mara moja tu, polepole, mkihesabu alama inapita mara ngapi. Mtaona gurudumu limezunguka zaidi ya mara moja. Sababu yake ni meno. Ikiwa gurudumu la meno la mbele lina meno 48, na lile dogo la nyuma lina meno 16, basi tairi huzunguka mara 3 kila pedali inapozunguka mara 1, kwa kuwa 48 gawanya kwa 16 ni 3.

Kwenye tambarare jambo hili ni raha: miguu yaenda polepole, baiskeli yakimbia. Lakini mlimani mpandaji hushuka na kusukuma. Mwendo alioupata kwa meno ameulipa kwa nguvu. Shikeni neno hili, maana ndilo somo letu lote: meno hayatoi kitu bure. Yakikupa mwendo, yakunyima nguvu ya kusukuma. Yakikupa nguvu, yakunyima mwendo.

2. Sanduku la gia

Injini ya motokaa si kama mguu wa mtu. Mguu una nguvu nyingi, lakini huenda polepole. Injini hupenda kuzunguka mbio, mara elfu na zaidi kwa dakika. Ikizunguka polepole mno, hutetemeka na kuzimika. Ikizunguka mbio mno, huvunjika.

Kwa hiyo kati ya injini na magurudumu pana sanduku la chuma. Ndani yake mna magurudumu ya meno, makubwa na madogo, yaliyolowa mafuta mazito. Dereva akisukuma mkono wa gia, huchagua meno yapi yafanye kazi. Kila namna ya kuyachagua ni gia moja. Huku kwetu wengi husema vitesi.

Tuchukue motokaa moja kwa mfano. Ili gurudumu lake lizunguke mara 1, injini huzunguka hivi:

Gia ya kwanza: mara 14.
Gia ya pili: mara 8.
Gia ya tatu: mara 5.
Gia ya nne: mara 4.
Gia ya tano: mara 3.

3. Kwenye barabara pana

Barabara zetu nyingi za Irumu ni za udongo, na dereva hupata nafasi chache za kutia gia ya tano. Lakini ukivuka Ziwa Albert kwenda Uganda, ukaendelea hadi Kampala, utaona barabara pana ya lami iendayo Entebbe, penye uwanja wa ndege. Ilifunguliwa mwaka 2018. Huko motokaa zaweza kwenda kilometa 90 kwa saa.

Haya, tufanye hesabu. Kilometa 90 kwa saa ni meta 90,000 kwa dakika 60, yaani meta 1,500 kwa dakika. Gurudumu la motokaa yetu likizunguka mara moja hupita meta 2. Basi huzunguka mara 750 kwa dakika. Katika gia ya nne injini huzunguka 750 mara 4, yaani mara 3,000 kwa dakika. Katika gia ya tano huzunguka 750 mara 3, yaani mara 2,250 tu. Mwendo ni uleule, lakini injini imepunguziwa mizunguko 750 kila dakika. Vyuma vyasuguana kidogo, kelele yapungua, na mafuta yanayoungua ni machache.

Je, mtu akitia gia ya kwanza katika mwendo ule? Mara 14 kwa 750 ni mizunguko 10,500. Injini ya namna hii haiwezi kuistahimili, itaharibika.

4. Kupanda kutoka ziwani

Mwanafunzi mmoja atasema: “Basi gia ya tano ndiyo bora; dereva aitumie siku zote.” La, sivyo. Tutazame njia itokayo Kasenyi kuja Bunia. Ziwa liko karibu meta 620 juu ya bahari, na Bunia karibu meta 1,280. Gari lililobeba samaki lapaswa kupanda zaidi ya meta 600.

Motokaa yetu ikipanda kwa kilometa 15 kwa saa, gurudumu huzunguka mara 125 kwa dakika. Katika gia ya tano injini ingezunguka mara 375 tu: ingetetemeka na kuzimika palepale. Katika gia ya kwanza huzunguka mara 1,750, nayo hupanda bila shida. Mwendo ni mdogo, lakini msukumo ni mkubwa.

5. Kuteremka

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa watu hufa. Wako madereva ambao wakifika kileleni hutoa gia na kuzima injini, gari lijitelemkie lenyewe. Wanasema wanaokoa mafuta. Lakini sasa injini haishikani tena na magurudumu. Kazi yote ya kulizuia gari imeachiwa breki. Breki zikishikwa muda mrefu huwaka moto, na zikiwaka hazikamati. Tena, malori mengi makubwa hupata upepo wa breki kwa pampu izungushwayo na injini. Injini ikizimwa, pampu haiongezi upepo tena. Na nyuma ya gari wamekaa akina mama na watoto juu ya magunia.

Dereva mwenye busara hutia gia ndogo kileleni, kabla ya kuanza kuteremka, na kuondoa mguu kwenye pedali ya mafuta. Hapo magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Katika gia ya pili, kila gurudumu likizunguka mara 1, injini hulazimika kuzunguka mara 8. Kazi hiyo ni nzito, nayo hulizuia gari. Breki hubaki baridi, tayari kwa hatari ya ghafula. Wazee wa kazi hii husema: mlima uliopanda kwa gia ndogo, uteremke kwa gia ndogo.

Amri ya tano ya Mungu yatukataza kuua. Haimhusu mwenye mkuki peke yake. Yamhusu pia yule anayehatarisha roho za abiria kwa ajili ya chupa moja ya mafuta. Baadhi yenu mtakuwa madereva. Wengine mtakuwa abiria, na abiria naye ana haki ya kusema: “Dereva, tafadhali, tia gia.”

Maswali

1. Kwa nini mpandaji baiskeli huchoka upesi mlimani?
2. Motokaa yetu yaenda kilometa 60 kwa saa. Injini yazunguka mara ngapi kwa dakika katika gia ya nne? Na katika gia ya tano?
3. Kwa nini gia ya tano haifai kupandia mlima?
4. Eleza kwa maneno yako jinsi injini inavyoweza kulizuia gari.
5. Hesabu meno ya baiskeli ya nyumbani kwenu, mbele na nyuma. Gurudumu lake huzunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa pedali?