SOMO: Betri Haijai Chaji? Pimeni Waya Kwanza

Ndugu wanakamati, Land Rover ya zamani ikiishiwa chaji kati ya Ulemo na Kiomboi, mgonjwa aliyemo hukwama njiani. Kabla ya kununua alteneta:

1. Kazeni mkanda wa feni, safisheni vichwa vya betri.

2. Zimeni injini. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi.

3. Washeni injini, kanyageni mafuta kidogo. Pimeni kwenye betri, kisha kwenye alteneta. Kote 14 hivi: inachaji. Alteneta 14, betri 12: umeme unapotea njiani, kagueni waya mkubwa na waya wa ethi. Kote 12: mwiteni fundi akague alteneta.

Msichomoe betri injini ikiwaka, alteneta inaweza kuungua.

Waya ni nafuu kuliko alteneta. Tutunze sadaka tuliyokabidhiwa.